Mgonjwa Aambiwe au Afichwe?

Ada yetu watu wa pwani yajulikana. Mzee akipelekwa kwa daktari, mwanawe mkubwa hutangulia mlangoni akamnong'oneza daktari: "Likiwapo neno zito tuambie sisi. Yeye usimwambie, utamvunja moyo." Ni mapenzi hayo, wala hapana wa kuyalaumu. Lakini yako maradhi ambayo kuficha huko kuna gharama kubwa, na mojawapo ni yale ya kufa kwa neva za misuli, aliyoyaeleza bingwa Jean-Martin Charcot mjini Paris mwaka 1869.

Neva zinazochukua amri kutoka kwenye ubongo na uti wa mgongo hadi kwenye misuli hufa kidogo kidogo. Kikombe humponyoka mtu, mguu ukajikwaa kizingitini, ulimi ukawa mzito, kumeza kukawa kazi, na mwisho ni pumzi. Wengi hubaki na akili zao timamu, ingawa baadhi fikira nazo huguswa. Dawa ya kuponya haijapatikana. Ile iitwayo riluzole, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1995, huongeza miezi michache tu. Basi mgonjwa aulizapo, "Nimebakiwa na muda gani?", daktari hana pa kukimbilia.

Zamani madaktari walikuwa upande wa yule mwana mkubwa. Lou Gehrig, mchezaji besiboli wa New York aliyecheza mara 2,130 mfululizo bila kukosa, alikutwa na ugonjwa huu kwenye hospitali ya Mayo mwezi wa Juni 1939, siku aliyotimiza miaka 36. Mkewe, Eleanor, aliwaomba madaktari wasimfunulie mumewe mambo yalivyo, nao wakakubali. Gehrig akamwandikia mkewe kwamba ana nusu kwa nusu ya kubaki alivyo. Alifariki Juni 1941. Je, alijua kimoyomoyo? Mtu anayeona mikono yake ikimkataa hahitaji sana kuambiwa. Huenda kila mmoja alikuwa akimficha mwenzake.

Mwaka 1961 daktari Donald Oken alitangaza majibu ya madaktari wa Chicago aliowauliza habari za wagonjwa wa saratani: tisa katika kila kumi walipendelea kutowaambia. Swali hilo hilo lilipoulizwa tena katika Marekani hiyo hiyo, na majibu kuchapishwa mwaka 1979, asilimia 97 walisema huwaambia. Ada ilipinduka katika miaka 18.

Walakin kusema nako kuna namna yake. Mwanasayansi Mwingereza Stephen Hawking, akiwa na miaka 21, aliambiwa mwaka 1963 kwamba amebakiwa na miaka miwili hivi. Mwaka 1985, alipokuwa mahututi mjini Geneva, madaktari walimuuliza mkewe Jane kama mashine izimwe, akakataa katakata. Hawking alifariki Machi 2018 akiwa na miaka 76. Watu hukisimulia kisa hiki kuonyesha kuwa madaktari hawajui kitu. Sivyo. Wagonjwa walio wengi hufa baada ya miaka miwili hadi mitano tangu dalili kuanza. Wachache, mmoja katika kumi au pungufu, huvuka miaka kumi. Kosa ni kumpa mtu mmoja hesabu ya watu wengi. Majahazi yakitweka siku moja, nusu yatafika kabla ya siku fulani na nusu baada yake. Nahodha wako yumo katika nusu ipi hujui.

Mwaka 2018 wataalamu wa Ulaya walitoa hesabu iliyotokana na wagonjwa 11,475 wa vituo 14. Walitazama umri, kama ugonjwa ulianzia kooni au kwenye viungo, nguvu ya pumzi na mengineyo, wakapata mafungu matano. Katika la kwanza makadirio ya kati ni miezi 18 hivi. Katika la mwisho ni 91. Tofauti hiyo si ndogo.

Daktari mwenye adabu basi huketi, hufunga mlango, humuuliza mgonjwa anajua nini tayari, kisha humuuliza anataka kujua kiasi gani. Hili la pili ndilo muhimu. Asiyetaka hesabu hapewi, na akitaka jamaa zake wasikilize kwa niaba yake, hiyo ni haki yake pia. Naye hatamki tarehe, husema "miezi" au "miaka." Uingereza, mwongozo wa mwaka 2016 wataka mgonjwa aonwe tena ana kwa ana kabla ya majuma manne kupita, maana siku ya kwanza masikio huziba.

Wapo watakaosema kwamba kutaja muda ni kuingilia ajali, ambayo ni Mwenyezi Mungu pekee aijuaye. Kwa maoni yangu, daktari anayekadiria hadai ghaibu, kama vile baharia asemaye kusi laja. Na dini yetu yamtaka mtu aandike wasia wake mapema, alipe madeni, arudishe amana, aombane radhi na watu. Mambo hayo hufanywa kwa mkono na ulimi, navyo ndivyo viendavyo kwanza.

Siku hizi wako wagonjwa wanaorekodi sauti zao, maneno mamia kwa mamia, ili baadaye mashine iwasemee kwa sauti yao wenyewe badala ya sauti ya mgeni. Kazi hiyo hufanywa kabla ulimi haujawa mzito, na asiyeambiwa ugonjwa wake haendi kuifanya.