Kutiririsha Picha kutoka Kompyuta hadi Televisheni: Neno, Kazi na Manufaa Yake

Makala hii inakusudia kueleza namna picha na sauti zilizohifadhiwa katika kompyuta zinavyoweza kufikishwa kwenye televisheni ya nyumbani au ya darasani, bila kununua hata megabaiti moja ya intaneti. Jambo hili la mwisho ndilo tunalotaka lishikwe, kwa maana watu wengi, hata miongoni mwa wasomi, hudhani kwamba kutiririsha na intaneti ni kitu kimoja. Dhana hiyo ina hasara kwetu: rekodi za Kiswahili zilizokwisha kugeuzwa kuwa faili hubaki zimelala katika diski, ama hutazamwa na watu wawili watatu waliobanana mbele ya kioo kidogo.

1. Neno lenyewe

Kitenzi kutiririsha ni kauli ya kusababisha ya kutiririka, ambamo k hugeuka sh, kama vile kuanguka kunavyozaa kuangusha. Maji hutiririka, mwenye shamba huyatiririsha. Mwenzake ni kupakua, kinyume cha kupakia, kitenzi tunachokitumia kwa shehena ya meli na kwa chakula kilicho chunguni. Anayepakua faili huipata nzima na kuiweka kwake. Anayetiririsha haweki shehena. Hupitishiwa mkondo, na kila sehemu ya picha huonyeshwa mara inapofika, kisha huachwa ipite.

Tuangalie lakini kwamba neno hili halisemi chemchemi iko wapi. Inaweza kuwa seva iliyoko Marekani. Inaweza pia kuwa kompyuta iliyo katika chumba cha pili. Kazi ni ileile, gharama ndiyo tofauti.

2. Sababu ya kubana picha

Picha moja ya televisheni ya kisasa ina nukta 1920 kwa upana na 1080 kwa urefu, yaani nukta 2,073,600. Kila nukta ikiandikwa kwa biti 24, na picha 25 zikipita kila sekunde, tunapata biti zaidi ya bilioni 1 na milioni 200 kwa sekunde moja. Mkondo wa namna hiyo ungefurika katika mtandao wa kawaida wa nyumbani. Kwa hiyo picha hubanwa kwa kanuni maalumu ziitwazo kodeki. Kodeki ya H.264, iliyotolewa mwaka 2003, huweza kuupunguza mkondo huo hadi megabiti 5 hivi kwa sekunde na picha ikabaki nzuri, kwa kuwa haiandiki upya kila kitu: huandika hasa yale yaliyobadilika kutoka picha moja hadi nyingine.

Kwa kipimo hicho, saa moja ya filamu ni kama jigabaiti 2 na robo. Anayeitazama kutoka intaneti hulipia kiasi hicho, na akiirudia kesho huweza kukilipia tena. Anayeitazama kutoka kompyuta yake hulipa umeme tu.

3. Njia mbili

Njia ya kwanza ni waya. Waya wa HDMI, ambao kanuni zake zilitolewa mwaka 2002, hubeba picha na sauti pamoja. Hapo televisheni huwa kioo cha pili cha kompyuta, na kompyuta ndiyo inayofungua ubano wa kodeki. Njia hii haihitaji ujuzi mwingi, ila huzifunga mashine mbili mahali pamoja.

Njia ya pili ndiyo kutiririsha kwenyewe. Kompyuta na televisheni huunganishwa na ruta moja, kwa waya au kwa Wi-Fi, nazo hufanya mtandao wa ndani. Ruta hiyo si lazima iwe na intaneti. Programu ya seva iliyowekwa katika kompyuta hutangaza orodha ya faili zake. Televisheni huiona orodha, mtazamaji huchagua, na mkondo huanza. Ili mashine za viwanda mbalimbali zielewane, makampuni yaliungana mwaka 2003 katika chama kilichokuja kuitwa DLNA. Chama hicho kilivunjwa mwaka 2017, lakini kanuni zake zimo bado katika televisheni nyingi. Miongoni mwa programu za bure zinazofanya kazi ya seva ni Jellyfin, iliyoanza mwaka 2018.

Tatizo la mara kwa mara ni kodeki. Televisheni isipoijua kodeki ya faili, kompyuta hulazimika kuigeuza papo hapo huku ikitiririsha, na kompyuta dhaifu hushindwa: picha hukatika-katika, na watu hulaumu mtandao bure. Dawa ni kuigeuza faili mapema, kabla ya siku ya kuitumia.

4. Mfano wa chuo kimoja

Asili ya programu ya VLC, inayojulikana sana kwetu, inathibitisha hoja yetu. Mwaka 1996 wanafunzi wa École Centrale Paris, huko Ufaransa, walitaka mtandao wa chuo wenye kasi zaidi. Wakabuni kazi ya kuuhalalisha: kupokea matangazo ya setilaiti mahali pamoja na kuyatiririsha hadi kompyuta za wanafunzi chuoni. Mkondo wao ulitoka kwenye antena, ukapita ndani ya chuo. Mwaka 2001 programu hiyo ikawa huru kwa watu wote.

5. Manufaa na tahadhari

Mwaka 1986 Johannes Fabian alifuatilia kundi la Mufwankolo la Lubumbashi lilipokuwa likitayarisha mchezo wa televisheni, akautolea kitabu mwaka 1990. Maandishi ya mchezo hayatoshi kwa mwanafunzi wa isimu: kiimbo, vicheko, na namna msemaji anavyochanganya Kiswahili na Kifaransa huhitaji kusikiwa na kuonwa. Rekodi ya aina hiyo ikitiririshwa kwenye televisheni kubwa, darasa zima huiona kwa pamoja. Tena unukuzi wa maneno ukiwekwa katika faili ya manukuu yenye jina lilelile la filamu, huweza kuonekana chini ya picha. Mwanafunzi husoma huku akisikia, na makosa ya mnukuzi hujitokeza mara moja.

Tahadhari ni mbili. Kwanza, kwa kawaida kanuni za DLNA haziulizi neno la siri: yeyote aliyeingia katika Wi-Fi huona folda iliyoshirikishwa. Rekodi za watu waliozungumza kwa siri, au ambao hawakutoa ruhusa, zisiwekwe humo. Pili, kutiririsha si kuhifadhi. Chemchemi ni diski moja; ikiharibika, mkondo umekwisha. Nakala ya pili iwekwe mahali pengine.

Kwa kumaliza, tumeona kwamba mkondo hauhitaji kutoka mbali. Idara yenye kompyuta moja, ruta moja na televisheni moja tayari ina vyombo vya kutosha kuzirudishia rekodi zake wasikilizaji. Linalobaki ni kazi ya kuzipanga, kuzipa majina yanayoeleweka, na kuandika ni nani anayesema, wapi na lini. Kazi hiyo hakuna mashine itakayotufanyia bila sisi kutoa habari hizo.