Mgonjwa Akiruhusiwa Hospitalini: Wakati Msaada wa Jirani Unapohitajika Zaidi

Mkazi wa Kata ya Madimba anapougua sana, mara nyingi safari ya matibabu humfikisha Mtwara Mjini, katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Ligula au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini iliyopo Mitengo. Hulazwa, hutibiwa, na hatimaye daktari humpa ruhusa ya kurudi nyumbani. Siku hiyo ndugu humshukuru Mungu na majirani hufika kumpa pole. Baada ya wiki moja kila mtu amerejea shambani au baharini, na mgonjwa amebaki na watu wa nyumba yake tu.

Hata hivyo, kuruhusiwa si kupona. Maana yake ni kwamba sehemu iliyobaki ya uponaji inaweza kukamilika nyumbani, iwapo yupo wa kuisimamia. Mama aliyejifungua kwa upasuaji hapaswi kubeba ndoo ya maji wala mzigo mzito kwa takriban wiki 6. Mwenye kidonda anahitaji kusafishwa na kufungwa upya kwa siku alizopangiwa. Aliyepooza kwa kiharusi anahitaji mazoezi ya viungo, na asiyeweza kujigeuza kitandani hugeuzwa kila baada ya saa 2 hivi ili asipate vidonda vya mgandamizo. Mgonjwa wa kifua kikuu cha kawaida hutumia dawa kwa miezi 6 bila kukatiza, hata kama kikohozi kimekwisha mapema. Mambo haya yakikosekana, kidonda huoza, ugonjwa hurudi kwa nguvu, na familia hulazimika kuanza safari upya ikiwa na fedha kidogo kuliko mara ya kwanza.

Jamii ya pwani ya Mtwara haina uhaba wa moyo wa kusaidiana. Msiba ukitokea, daftari la michango hufunguliwa, unga na mchele hukusanywa, na vijana huchimba kaburi bila kudai ujira. Utaratibu huohuo ukielekezwa kwa mgonjwa aliye hai, unaweza kuuzuia msiba wenyewe. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Na mengi anayohitaji mgonjwa si fedha, bali mikono na muda.

Ipo mifano ya kujifunza nchini. Hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam, inayotibu fistula ya uzazi bila malipo, iliona kwamba wanawake wengi wa mikoani walishindwa kufika kwa kukosa nauli. Kuanzia 2009 ilitumia M-Pesa kutuma fedha za nauli kupitia mabalozi wa kujitolea waliokuwa karibu na wagonjwa. Kwa waliokwisha kufanyiwa upasuaji, Kituo cha Mabinti kilichopo jijini humo kimetoa mafunzo ya ushonaji na uchapaji wa vitambaa ili warudi makwao wakiwa na kazi ya mikono. Vilevile, katika tiba ya kifua kikuu mgonjwa anaweza kumchagua ndugu au jirani wa kumsimamia anapomeza dawa nyumbani. Katika mifano yote, kilichomsaidia mgonjwa ni jambo dogo lililofanywa kwa wakati wake.

Kitongoji, msikiti, kanisa au kikundi cha kuweka na kukopa kinachotaka kusaidia kinaweza kuanza na hatua hizi:

Kwanza, mgonjwa au ndugu aulize kabla ya kuondoka hospitalini: dawa gani, kwa siku ngapi, kidonda kifungwe wapi, tarehe ya kurudi ni ipi, na dalili zipi zikionekana asingoje tarehe hiyo. Homa kali, usaha, kutokwa damu na kupumua kwa shida ni miongoni mwa dalili za kurudi haraka.

Pili, majirani wagawane kazi kwa siku. Mmoja achote maji, mwingine apike, mwingine amsindikize kliniki. Katika msimu wa korosho, kumwokotea mgonjwa korosho zake kunaweza kuwa msaada mkubwa kuliko fedha, kwa kuwa ndiko kunakolinda kipato cha mwaka mzima.

Tatu, fedha zikichangwa, ziandikwe. Watu wawili wasiotoka nyumba moja watunze daftari, stakabadhi za nauli na dawa zihifadhiwe, na hesabu isomwe mbele ya wachangiaji. Siri ya ugonjwa ni ya mgonjwa. Mchangiaji aelezwe mahitaji, si lazima aelezwe maradhi.

Msaada wa jirani hauondoi haki za mwananchi. Sera ya Afya ya 2007 inaelekeza wajawazito, watoto wa chini ya miaka 5 na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo wasamehewe gharama za matibabu katika vituo vya umma. Asiye na uwezo amwone Afisa Ustawi wa Jamii, akianzia kwa Mtendaji wa Kijiji kwa ajili ya barua ya utambulisho. Aliyebaki na ulemavu baada ya ugonjwa aulize Idara ya Maendeleo ya Jamii kuhusu mikopo ya watu wenye ulemavu, ambayo hutengewa asilimia 2 ya mapato ya ndani ya Halmashauri.

Mhudumu wa afya ngazi ya jamii naye apewe taarifa mapema mgonjwa anaporudi kijijini. Anaweza kumtembelea, kukumbusha dawa na kutambua hatari ingali ndogo. Taarifa hiyo haigharimu kitu, na jirani yeyote anaweza kuipeleka.