Mashua Mbili, Mstari Mmoja

Msimbazi haihitaji kufundishwa mchezo wa wawili. Mtaa wenye makao makuu ya Simba, yasiyo mbali na ya Yanga kule Jangwani, umeishi na ubishi mmoja tangu miaka ya 1930: safari hii nani yuko juu ya nani. Timu nyingine za ligi ni za kujazia ratiba, na wenye mtaa wanalisema hilo bila aibu. Sasa kuna aina ya mbio za matanga inayoshindanisha mashua mbili tu, ana kwa ana, mpaka moja ishindwe. Hapa karibu hakuna anayeizungumzia, ingawa maji ya chumvi yako umbali wa nauli moja ya daladala.

Katika resi za kawaida mashua huondoka kwa kundi, na kila nahodha hutafuta upepo wake. Katika mbio za wawili kasi si hoja kubwa; kinachotakiwa ni kuwa mbele ya yule mmoja, hata kama wote mnatambaa. Kwa hiyo kazi huanza kabla ya mbio zenyewe. Zikibaki dakika nne, mashua mbili huingia kutoka ncha tofauti za mstari wa kuanzia, moja ikiwa na alama ya buluu na nyingine ya njano. Anayepokea upepo kutoka kulia ana haki ya njia. Anayeupokea kutoka kushoto ampishe. Mara nyingi hukutana katikati, wote wakageuza omo kwenye upepo na kusimama ubavu kwa ubavu, matanga yakipigapiga, na hakuna anayetaka kuondoka kwanza, kwa kuwa anayeondoka humwachia mwenzake upande mzuri. Kisha hufukuzana kwa kuzunguka, huyu akiiwinda tezi ya yule. Mbio nyingi huamuliwa hapo, kabla hata mstari haujavukwa.

Waamuzi hufuata nyuma kwa boti ya injini. Nahodha anayeona ameonewa hupandisha bendera, na jibu hutoka papo hapo. Kijani na nyeupe: endeleeni. Buluu au njano: mwenye rangi hiyo anadaiwa mzunguko wa adhabu. Ikiongezwa nyekundu, adhabu itumikiwe bila kuchelewa. Hakuna kamati ya kukaa baada ya siku tatu, wala barua ya kuomba mechi irudiwe. Mashabiki wa Simba watagundua wenyewe kwamba njano imepewa mashua na nyekundu imepewa adhabu. Malalamiko yapelekwe kunakohusika.

Kwa wanawake, mbio hizi ziliingia kwenye Olimpiki mara moja tu, London 2012, zikifanyika Weymouth kwa timu 12 za watu watatu watatu. Waaustralia wakiongozwa na Olivia Price walishinda mechi zao zote 11 za mzunguko wa kwanza. Wakafika fainali dhidi ya Wahispania, ambako katika mojawapo ya mbio Price alitupwa baharini, na dhahabu ikaenda kwa Támara Echegoyen, Ángela Pumariega na Sofía Toro kwa 3–2. Finland ilichukua shaba. Ilikuwa fainali ya kusimulia miaka, ila shirikisho la dunia la mchezo huo lilikuwa limekwishaamua kabla ya London kwamba 2016 mbio hizo hazitakuwapo. Sherehe na hitima zilipangwa kwa mpigo. Nje ya Olimpiki wanawake wameendelea: Oktoba 2024 kule Barcelona, wanawake wa Luna Rossa ya Italia waliwashinda Waingereza wa Athena Pathway katika fainali ya mashua mbili, kwenye Kombe la Amerika la kwanza la wanawake.

Jambo la kuangaliwa na mtu wa Kariakoo liko kwenye gharama. Katika mbio hizi desturi ni mwandaaji kuleta mashua, zote za aina moja, na timu kubadilishana. Binti hahitaji kumiliki boti, wala kuwa na baba anayeimiliki, na umiliki huo ndio kizuizi cha kwanza cha mchezo huu popote duniani. Lakini gharama hiyo haipotei, inahama. Mwandaaji atafute mashua zinazolingana, boti ya waamuzi, mafuta, na waamuzi wanaojua kanuni kuliko wabishi wenyewe. Swali la pesa linatoka kwa binti na kwenda kwa taasisi. Taasisi zetu zina kipaji cha kulirudisha.

Kukosa ujuzi wa bahari si kisingizio. Fika Feri pale Magogoni asubuhi, samaki wanapomwagwa mezani: utawakuta kina mama waliotoka mitaa ya huku na ndoo zao, wakijua kwa kutazama tu shavu la samaki kama amelala barafuni usiku mzima au ametoka majini sasa hivi, na wakikadiria kwa upepo wa jana bei itakayotajwa leo. Ng'ambo, Unguja na Pemba, wanawake ndio wengi kwenye mashamba ya mwani, na wanaofuata pweza miambani wanajua siku za bamvua bila kuuliza mtu. Tanga, hata hivyo, limebaki mikononi mwa wanaume. Resi za ngalawa Unguja na za mashua Lamu wakati wa Maulidi ni zao kwa desturi. Wanawake huwa pwani, wakishangilia.

Jirani zetu ng'ambo ya Ruvuma hawakungoja desturi ibadilike yenyewe. Kwenye Olimpiki ya Tokyo, Msumbiji ilipeleka wanawake watatu kwenye matanga: Deizy Nhaquile peke yake, na Denise Parruque akiwa na Maria Machava katika mashua ya wawili. Nhaquile alirudi tena Paris 2024. Maji yao na yetu ni yale yale, kusi na kaskazi pia.

Msimbazi yenyewe ina mfano wa karibu. Simba Queens walitwaa ubingwa wa CECAFA mwaka 2022 na kumaliza nafasi ya nne Afrika kule Morocco mwaka huo huo. CAF nayo imezibana klabu zinazotaka mashindano yake ya wanaume ziwe na timu ya wanawake. Viongozi wengi wa soka waliuona umuhimu wa mabinti baada ya kusoma masharti ya leseni. Kwenye matanga hakuna sharti la namna hiyo, na uzoefu hautuonyeshi mtu wa kujitolea kabla ya kulazimishwa.

Wapo watakaosema tuanze na ngalawa, kwa kuwa kamba na turubai la tanga vyote vinapatikana Kariakoo. Wazo lina mvuto, lakini mbio za wawili ni mchezo wa kugeuza haraka, na tanga letu la pembe tatu hugeuzwa kwa kuvusha foromali upande wa pili wa mlingoti, kazi ya mikono mingi na nafasi. Dakika nne zingeisha foromali ikiwa bado njiani. Zinatakiwa mashua ndogo mbili za kisasa, pacha. Ghuba ya Msasani ina klabu yenye matanga ya namna hiyo, na kinachobaki ni mtu wa kwenda kuziomba Jumamosi moja na mwingine wa kulipia mafuta ya boti ya mwamuzi.