Wimbi la Karatina na Wimbi la Elektroni

Wapo walimu wa sayansi wanaoshikilia kwamba Kiswahili hakitoshi kufundishia Fizikia ya leo. Aghalabu hutoa mfano wa elektroni huru: vipi lugha ya pwani itaeleza kwamba chembe hiyo ni wimbi? Mimi ni mwanaisimu, si mwanafizikia, lakini dai hili naliona halina mashiko, hasa hapa Nyeri.

Mwambie mama auzaye nafaka sokoni Karatina akupimie wimbi. Atakujazia gorogoro la punje za hudhurungi za kusagia uji. Mtoto wa Nanyuki ambaye hajaiona bahari hulijua wimbi hili kabla ya lile la Mombasa. Kwa sadfa tu, Kiswahili kimeziweka punje na mkunjo wa maji katika neno moja.

Wanafizikia walihitaji miaka 30 kufika hapo. Mnamo 1897, J. J. Thomson alionyesha kwamba elektroni ni chembe. Mnamo 1924, Mfaransa Louis de Broglie alidai kwamba kila chembe ina urefu wa wimbi, nao hupungua kadiri kasi inavyoongezeka. Mnamo 1927, Davisson na Germer wa New York walizirusha elektroni kwenye fuwele ya nikeli, zikatawanyika kama mawimbi. Mwaka uo huo George Thomson, mwana wa yule mzee, alipata ushahidi kama huo huko Aberdeen. Baba alitunukiwa Nobeli mnamo 1906, mwana mnamo 1937. Historia nayo ina utani wake!

Tatizo, kwa maoni yangu, si neno "wimbi" bali ni kile kitenzi kishirikishi "ni". Mwanafunzi akiambiwa elektroni ni wimbi, huichora ikienda kwa kujipinda kama nyoka. Sivyo hata kidogo. Elektroni huru, isiyofungwa na kiini cha atomu, haijipindi njiani. Kinachoenea kama wimbi ni uwezekano wa kuipata mahali fulani, na kadiri mwendo wake unavyojulikana barabara ndivyo mahali pake panavyozidi kutojulikana.

Mnamo 1989, Akira Tonomura na wenzake nchini Japani walizipitisha elektroni moja moja mahali penye njia mbili. Kila moja iliacha nukta moja tu, mithili ya punje. Zilipofika maelfu, nukta hizo zikajipanga kwa michirizi, jambo lifanywalo na mawimbi.

Istilahi si udhuru tena, maadamu TUKI ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia tangu 1990. Mtihani ni wa Kiingereza, nakubali. Ila mwanafunzi anayekariri kanuni asiyoweza kumweleza nyanyake amepata alama tu. Mwalimu na aje darasani na konzi ya wimbi, azipitishe punje kwenye nyufa mbili za ubao. Zitafanya mafungu mawili. Kisha aulize: mbona elektroni, nazo huanguka moja moja, hufanya michirizi mingi?