Chumo la Vita na Wanaolipa

Vita aghalabu huhesabiwa kwa maiti na majeruhi, wala hapana hesabu iliyo nzito kuliko hiyo; walakini ipo hesabu nyingine, ya mali iliyotoka mikononi mwa hawa ikaingia mikononi mwa wale, na atakaye kujua kwa nini taifa lililobomolewa huchelewa kusimama hana budi kuisoma nayo kwa makini.

Tuitazame Iraki. Mwezi wa Machi 2003, kabla majeshi ya Marekani na washirika wake hayajavuka mpaka, kampuni ya KBR, tawi la Halliburton ambayo Dick Cheney, makamu wa rais wa wakati huo, aliiongoza tangu 1995 hata 2000, ilikwisha kupewa mkataba wa kufufua sekta ya mafuta ya nchi hiyo pasi na zabuni ya wazi. Desemba ya mwaka huo huo, wakaguzi wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani walisema kwamba huenda kampuni hiyo ilizidisha bei ya petroli iliyoletwa kutoka Kuwait kwa kiasi cha dola milioni 61.

Asili ya mambo hayo imo katika namna mikataba ilivyoandikwa. Mkandarasi alirejeshewa gharama zake, kisha akaongezewa ujira juu yake, hata akinunua kwa ghali au akikawia, hasara haikumwangukia yeye. Naye aliigawa kazi kwa wakandarasi wadogo, na hao kwa mawakala, kila mmoja akitwaa fungu lake. Na chini kabisa ya ngazi hiyo walikuwapo maelfu ya Waganda, wengi wao askari wa zamani, waliolinda malango ya kambi kwa mishahara iliyozidi kushuka kadiri mawakala walivyoshindania bei.

Ni nani basi aliyelipa? Kwanza, Wairaki wenyewe. Azimio 1483 la Baraza la Usalama, la Mei 2003, liliiweka mali itokanayo na mafuta yao katika mfuko uliosimamiwa na utawala wa wavamizi. Na Januari 2005 Stuart Bowen, mkaguzi mkuu wa Marekani wa ujenzi wa Iraki, alieleza kuwa dola bilioni 8.8 za mfuko huo zilipelekwa katika wizara za Iraki bila ya usimamizi wa kutosha. Pili, walipa kodi wa Marekani, waliotoa takriban dola bilioni 60 za ujenzi, ambazo kwa makadirio ya Bowen mwaka 2013 bilioni 8 kwa uchache zilipotea bure. Gereza la Khan Bani Saad lilimeza dola milioni 40 likaachwa gofu. Hospitali ya watoto ya Basra, iliyokadiriwa dola milioni 50 na kuahidiwa kwisha 2005, ilifunguliwa 2010 kwa gharama iliyopita milioni 160. Na katika miaka hiyo yote watoto wenye saratani waliendelea kuingoja.

Kwa hiyo, nchi yoyote itokayo vitani ina haki ya kudai mambo matatu kabla ya tofali la kwanza: zabuni ya wazi, bei iliyokatwa mapema, na hesabu zitangazwazo kwa lugha ya wenyeji. Pasipo hayo, amani nayo hugeuzwa tijara, na mnyonge hudhulumiwa mara mbili: nyumba yake ikibomolewa, na tena ikijengwa.