Msaada wa Ukame: Ni Nani Hulipwa?

Mzee mmoja wa skimu yetu alikuja ofisini akaniuliza, "Bwana Karani, nasikia kule Wajir watu walilipwa fedha za ukame. Wengine walilipwa na ng'ombe wao wangali hai. Wengine ng'ombe walikufa, wasipate hata senti. Je, hiyo ni haki?"

Nikamkaribisha kiti, maana swali hili lafaa kila mkulima alijue.

Mwaka 2015 Serikali ilianzisha bima ya mifugo huko Wajir na Turkana, kisha ikaipeleka katika kaunti nyingine kavu. Kila nyumba iliyochaguliwa ililipiwa ada yote ya bima kwa mifugo ya hesabu ya ng'ombe 5. Mbuzi au kondoo 10 walihesabiwa sawa na ng'ombe 1. Mvua za mwisho wa mwaka 2016 zilipokosa, nyumba zaidi ya 12,000 katika kaunti 6 zililipwa mapema mwaka 2017. Jumla ilikuwa kama Shs. milioni 214, yaani kama Shs. 17,800/- kwa nyumba moja.

Hapakuwa na mtu wa kuhesabu mizoga. Setilaiti, chombo kinachozunguka angani, kilipiga picha za malisho, nazo zikalinganishwa na za miaka iliyopita. Majani ya eneo yalipopungua chini ya kipimo kilichowekwa, wote walioandikishwa katika eneo lile walilipwa.

Kwa nini ikawa hivyo? Kutuma watu kukagua kila boma katika nchi pana kama ile ni gharama kubwa. Tena fedha ikifika mapema hununua majani, maji na dawa. Mzoga haunywi maji.

Hata hivyo mpango ule ulikuwa na upungufu wake. Setilaiti huona eneo, haioni boma la mtu. Aliyepoteza ng'ombe kwa maradhi hakulipwa. Penye vichaka vya mathenge, picha huonyesha kijani ingawa ng'ombe hana cha kula. Na nyumba nyingi zenye shida hazikuwamo katika daftari kabisa.

Mzee alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Ndugu yangu alikufa zamani. Mjane wake ndiye anayelima, lakini shamba lingali kwa jina la marehemu. Msaada ukija kwetu, atalipwa nani?"

Ndugu mkulima, hilo ndilo swali lenyewe. Fedha hufuata jina lililoandikwa, nayo marehemu hawezi kuja kupokea. Basi yafaa tufanye haya kabla ya ukame:

1. Mjane na watoto waende kwa Chifu wapate barua, ili shauri la urithi lianze kortini.

2. Hakikisha jina lako katika kitambulisho, benki na simu ni moja, hata herufi zake.

3. Andika mifugo na mimea yako katika daftari kila msimu.

4. Bwana Kilimo akitangaza siku ya kuandikisha, nenda mwenyewe. Usimtume jirani.

5. Ukiwekewa bima, uliza: inapima nini, na hailipi nini?

Juma lililofuata mzee alirudi pamoja na shemeji yake, amechukua cheti cha kifo ndani ya bahasha. Nikawaonyesha njia ya kwenda kwa Chifu. Wazee walisema kweli: mali bila daftari hupotea bila habari.