Dawa Isiyoachwa Ghafla

Septemba 1948, mwanamke wa miaka 29 alikuwa amelazwa Mayo Clinic, mjini Rochester, Marekani, viungo vyake vimekazwa na baridi yabisi hata kujigeuza kitandani ilikuwa kazi. Tarehe 21 daktari Philip Hench na wenzake walianza kumchoma sindano za kitu ambacho maabara ilikiita Kampaundi E, miligramu 100 kwa siku. Siku chache baadaye viungo vililegea. Wiki ilipotimia, alitoka kwenda mjini na kuzunguka madukani kwa saa tatu.

Kitu hicho kilikuja kuitwa kotisoni. Mwaka 1950 Hench, mkemia Edward Kendall wa hospitali hiyohiyo na Tadeus Reichstein wa Uswisi walipewa Tuzo ya Nobel. Leo ndugu za kotisoni wamejaa maduka ya dawa: prednisoloni ya vidonge, haidrokotisoni na deksamethasoni za sindano, beklometasoni ya kuvuta kwa wenye pumu, betamethasoni ya kupaka. Wote huitwa steroidi, ila wasichanganywe na steroidi za kutunisha misuli, ambazo huigiza homoni za kiume.

Hizi za ukoo wa kotisoni huigiza kotisoli, homoni ambayo mwili hujitengenezea katika tezi mbili ndogo za adrenali, zilizokaa juu ya figo kama kofia. Kotisoli hupanda alfajiri na kushuka usiku, ndiyo maana prednisoloni huandikwa imezwe asubuhi baada ya kula. Ikiingia ndani ya seli hushikana na kipokezi chake, vikaenda pamoja hadi kwenye kiini, vikazinyamazisha jeni zinazochochea uvimbe. Kazi hiyo huchukua saa kadhaa. Kwa hiyo mwenye pumu aliyebanwa hupewa kwanza dawa ya kupanua njia ya hewa, na prednisoloni huja nayo ili kutuliza uvimbe ulioleta mbano wenyewe.

Faida yake ni kubwa. Juni 2020, watafiti wa Uingereza walitangaza kwamba deksamethasoni, miligramu 6 kwa siku, ilipunguza vifo kwa karibu theluthi moja miongoni mwa wagonjwa wa korona waliokuwa kwenye mashine za kupumulia. Dawa hiyohiyo, akichomwa mama anayeelekea kujifungua kabla ya wakati, huyakomaza mapafu ya mtoto njiti akiwa bado tumboni. Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi tano zilizoshiriki katika utafiti wa Shirika la Afya Duniani ulioonyesha kuwa sindano hiyo, ikitolewa hospitali zenye huduma nzuri, huokoa watoto.

Tatizo huanza dawa inapokaa mwilini muda mrefu. Prednisoloni miligramu 5 hutosha kushika nafasi ya kotisoli ya kutwa nzima. Anayemeza 40 amezidisha mara nane. Ubongo, ambao muda wote hupima kiasi cha kotisoli katika damu, ukiona imefurika huacha kuziamuru tezi. Tezi zisizotumwa husinyaa. Huku nyuma uso huvimba ukawa wa mviringo, sukari hupanda, mifupa huwa dhaifu, na kifua kikuu kilichokuwa kimelala huweza kuamka.

Sasa mgonjwa anajisikia nafuu, au hela ya dawa imekwisha, anaacha siku moja. Vidonge havipo, na tezi haziko tayari kurudi kazini. Kichefuchefu, kutapika, kizunguzungu, presha kuanguka, kuzirai: hali inayofanana na ugonjwa ulioelezwa mwaka 1855 na daktari Thomas Addison wa London, na inayoweza kuua. Aliyetumia zaidi ya wiki tatu hupunguziwa dozi kidogo kidogo, wakati mwingine kwa miezi, ili tezi zizinduke.

Hatari hiyohiyo imejificha kwenye mkorogo. Baadhi ya krimu za kujichubua zina klobetasoli, moja ya steroidi kali kuliko zote za kupaka. Ngozi huwa nyembamba, michirizi hutokea, choa hufunikwa huku kikienea. Na dawa ikipakwa mwili mzima kila siku hupenya hadi kwenye damu, ikazilaza tezi za mtu ambaye hajawahi kumeza kidonge hata kimoja.

Wenye ugonjwa wa Addison, ambao zamani walikuwa wakifa, sasa huishi kwa haidrokotisoni kila siku. Wakipata homa kali huongeza dozi mara mbili, kwa kuwa mwili wenye afya hufanya hivyo wenyewe. Wengi hutembea na kadi mfukoni inayotaja dawa yao, ili wakianguka barabarani, atakayewapokea hospitali ajue kuwa sindano ya haidrokotisoni haipaswi kungoja majibu ya maabara.